Kuchagua Nanaa ya Kupanda Nyumbani Lamu na Malindi

Maelezo mengi ya ukulima wa nanaa yameandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, ambako jua la kiangazi hukaa angani saa 15 au zaidi, udongo ni mzito na wenye unyevu, na wasiwasi mkubwa wa mwenye bustani ni jinsi ya kuizuia nanaa isitawale kila kitalu. Huku mwambao mambo ni kinyume. Udongo wetu ni mchanga na matumbawe, maji ya visima vingi yana chumvi, jua la adhuhuri huunguza majani, na mchana ni wa karibu saa 12 mwezi wowote wa mwaka. Kwa hiyo anayechagua nanaa ya kupanda Lamu au Malindi asianze na ladha inayotajwa na muuza miche. Aanze na maji aliyo nayo na kivuli alicho nacho, kisha aukumbuke urefu wa mchana, jambo ambalo hakuna mkulima awezaye kulibadilisha.

Nanaa ya sokoni

Nanaa inayouzwa kwa vicha katika soko la Lamu, karibu na Ngome, na katika masoko ya mboga ya Malindi, ile inayotiwa katika biriani, katika chatini ya maembe mabichi na katika chai, kwa kawaida ni ile ambayo wataalamu wa mimea huiita Mentha spicata. Harufu yake hutokana zaidi na kemikali iitwayo kavoni, na mentholi yake ni kidogo mno kiasi kwamba haileti ule ubaridi mkali kinywani. Ndiyo sababu mpishi anaweza kuitumia kwa ukarimu bila kuvifunika viungo vingine. Ni aina hiihii inayotiwa katika chai ya kijani huko Moroko, nchi ambayo nayo inalijua jua kali.

Kwa maoni yangu, yeyote anayeanza aanze na hii, na wengi hawatahitaji nyingine. Sababu ya kwanza ni kwamba inapatikana kwa bei ya mboga. Sababu ya pili ni kwamba inavumilia joto kuliko jamaa zake wengi, mradi mizizi yake isikauke. Hata hivyo, muulize muuzaji nanaa yake imetoka wapi. Kicha kilichokatwa katika bustani ya jirani, kinachomwagiliwa maji ya kisima kama chako, kina faida kubwa juu ya kicha kilichosafirishwa kutoka nyanda za juu, kwa kuwa mmea huo umekwisha kuishi katika joto lako na kuyanywa maji yanayofanana na yako.

Ili kuwa na hakika ya unachokinunua, chukua shina moja ulitazame kwa makini. Shina la nanaa zote lina pande nne, na ukilizungusha baina ya kidole gumba na kidole cha shahada utazihisi pembe zake. Majani hutoka mawili mawili yakielekeana. Sasa angalia pale jani linapoungana na shina: likiwa limekaa moja kwa moja juu ya shina, bila kikonyo au kwa kikonyo kifupi sana, hiyo ni nanaa ya kawaida, likiwa na kikonyo kinachoonekana wazi, na shina limeiva rangi ya zambarau, yaelekea ni pepaminti. Kisha tafuna kipande cha jani na uvute pumzi kwa mdomo. Nanaa ya kawaida huacha utamu mwepesi wenye harufu ya majani mabichi, ilhali pepaminti huacha ubaridi unaoshuka mpaka kooni, kwa kuwa mentholi huziamsha neva zilezile zinazohisi baridi.

Pepaminti na urefu wa mchana

Pepaminti ndiyo nanaa ambayo watu wengi huitamani baada ya kuionja katika majani ya chai ya dukani, na ndiyo inayowavunja moyo wengi mwambao. Mmea huu, Mentha × piperita, ni chotara wa nanaa ya kawaida na nanaa ya majini, Mentha aquatica. Mtaalamu wa mimea wa Uingereza, John Ray, aliueleza mwaka 1696, na kwa muda mrefu aina iliyosifika zaidi ilikuwa ile ya Mitcham, karibu na London. Leo mashamba makubwa ya pepaminti nchini Marekani yako katika majimbo ya kaskazini-magharibi, kama vile Oregon na Washington, ambako mchana wa mwezi Juni hupita saa 15.

Urefu huo wa mchana ndio unaouongoza mmea. Mchana ukiwa mrefu, pepaminti husimama, huchanua na kukusanya mentholi nyingi katika majani yake. Mchana ukiwa mfupi, hulala chini, hutoa vitawi virefu vinavyotambaa, na mafuta yake huwa na mentholi kidogo na kiasi kikubwa zaidi cha kemikali nyingine, mentofurani, ambayo huipunguzia ubora wake. Lamu iko zaidi kidogo ya nyuzi 2 kusini mwa ikweta na Malindi zaidi kidogo ya nyuzi 3, na tofauti baina ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote katika mwaka haifiki hata nusu saa. Pepaminti ya hapa, basi, haipati kamwe ile ishara inayoingojea. Hata ukiipa samadi nzuri na maji matamu, itatambaa hadi nje ya chungu na huenda isichanue kabisa. Haifi, na majani yake yananywewa, lakini asiyejua sababu hudhani kosa ni lake na kuzidisha mbolea, jambo ambalo huongeza majani laini yenye harufu hafifu.

Jambo jingine kuhusu pepaminti linahusu mfuko wako. Kwa kuwa ni chotara tasa, mmea huu hauzai mbegu za kutegemewa. Huenezwa kwa vipandikizi na mizizi tu. Pakiti ya mbegu yenye picha ya pepaminti mara nyingi huotesha mchanganyiko wa nanaa wenye harufu isiyotabirika, na baadhi yake haina harufu ya maana. Kwa kweli, hata mbegu za nanaa ya kawaida hazistahili taabu, maana miche yake haifanani na mama. Nunua shina lenye uhai, ulinuse kwanza, ndipo utoe fedha.

Kwa anayetaka ubaridi

Yupo mtu ambaye nanaa ya kawaida haimtoshi. Anataka chai inayofungua pua wakati wa mafua, au maji ya ndimu yanayoburudisha kweli baada ya kufuturu. Huyo nampendekezea nanaa ya Kijapani, ambayo huitwa Mentha arvensis au Mentha canadensis kulingana na anayeandika. Ndiyo chanzo kikuu cha mentholi ya asili duniani, na hulimwa zaidi nchini India, hasa katika jimbo la Uttar Pradesh, ambako huvunwa katika miezi ya joto kali kabla ya mvua za msimu kuanza. Mmea unaostahimili hali hiyo hautishwi na kaskazi ya Malindi.

Majani yake ni mapana kidogo na yana vinyweleo vifupi, na huku mwambao ubaridi wake huwa mkali kuliko ule wa pepaminti. Ukali huo ndio kasoro yake jikoni: jani moja likizidi katika kachumbari, mlo mzima hunuka kama dawa ya kuchua. Ipande katika chungu kimoja kidogo, na majani mawili au matatu kwa birauli moja ya chai yatatosha. Upatikanaji wake ni mgumu zaidi. Waulize wenye vitalu vya miche waliozoea kuagiza kutoka bara, na usikubali mche ambao hujauonja. Wenye kiungulia cha mara kwa mara wajue kwamba mentholi hulegeza msuli unaoufunga mlango wa tumbo, na hivyo chai kali ya aina hii, sawa na ya pepaminti, huweza kuwazidishia tatizo. Wala mentholi kali isipakwe karibu na pua ya mtoto mchanga, kwani huweza kumzuia kupumua vizuri.

Aina nyingine

Zipo nanaa nyingi zenye majina matamu, na nitazipitia upesi. Nanaa ya chokoleti ni pepaminti yenye shina jeusi zaidi, kwa hiyo yote yaliyosemwa juu yanaihusu. Nanaa yenye harufu ya machungwa nayo ni ya ukoo huohuo wa pepaminti. Anayetaka harufu ya ndimu katika chai apande mchaichai, ambao hapa hustawi karibu bila kuangaliwa, badala ya kuhangaika na nanaa ya kuiga ndimu. Nanaa ya tufaha, Mentha suaveolens, ina majani ya mviringo yenye manyoya, na huyapata majani hayo yakiwa yameshika vumbi na chumvi ya upepo kiasi kwamba kuyaosha ni kazi. Ile yenye mabaka meupe, iitwayo nanaa ya nanasi, ni ya kupamba tu na huungua haraka juani.

Moja tu naionya kwa uzito: Mentha pulegium, nanaa ndogo inayolala chini, ambayo tangu zamani imetumiwa kufukuzia viroboto. Mafuta yake yana pulegoni, sumu inayoharibu ini, na yamewahi kuua watu. Usiipande mahali ambapo mtu anaweza kuichuma akidhani ni ya chai, na mwanamke mjamzito asiinywe kamwe.

Maji, udongo na kivuli

Baada ya kuchagua aina, maji ndiyo yatakayoamua kama utavuna. Nanaa haipendi chumvi. Dalili ya kwanza ni kingo za majani kuwa kahawia na kukauka kama karatasi, zikianzia kwenye ncha, huku katikati ya jani kukiwa bado kijani. Dalili ya pili ni ukoko mweupe unaojitokeza kwenye mdomo wa chungu. Maji ya Lamu mjini yanategemea sana visima vya kwenye vilima vya mchanga vya Shela, na utamu wake hutofautiana kati ya sehemu na sehemu na kati ya msimu na msimu. Malindi nako kisima kilicho karibu na bahari si sawa na kilicho mbali. Onja maji yako kabla ya kupanda. Maji yanayoiharibu ladha ya chai yataiharibu na nanaa.

Mwenye maji ya chumvi ana njia mbili. Ya kwanza ni kukinga mvua za masika, kuanzia Aprili hadi Juni, mwezi wa Mei ukiwa ndio wenye mvua nyingi zaidi, na kuyahifadhi maji hayo kwa ajili ya vyungu vichache. Wenye nyumba za mawe za Lamu zilizo na birika la kuhifadhia maji ya mvua wanaweza kuchota humo bila wasiwasi. Wale samaki wadogo wanaowekwa birikani ili wale mabuu ya mbu hawaidhuru nanaa, na maji yao yana rutuba kidogo. Njia ya pili ni kumwagilia maji ya kisima siku za kawaida, kisha kila baada ya wiki mbili kuusafisha udongo kwa kumimina maji matamu mengi, polepole, mpaka yatoke kwa wingi chini ya chungu na kuondoka na chumvi. Chungu kisichotoboka chini hakifai kabisa.

Kuhusu udongo, tatizo la mwambao ni chokaa ya matumbawe. Katika udongo wenye chokaa nyingi, nanaa hushindwa kuyafyonza madini ya chuma hata kama yamo, na majani machanga huwa ya manjano ilhali mishipa yake imebaki kijani. Wengi wakiona hivyo humwaga majivu ya jikoni, wakiamini kuwa ni mbolea. Majivu yana rutuba, lakini nayo huuongezea udongo ukali uleule wa chokaa, na hali huwa mbaya zaidi. Dawa yake ni mboji. Changanya sehemu mbili za udongo wa kawaida, sehemu mbili za mboji au samadi iliyooza vizuri, na sehemu moja ya mchanga usio wa pwani. Malindi, hasa kuelekea Magarini, unapatikana udongo mwekundu wa kichanga ambao ni mwanzo mzuri kuliko vumbi la matumbawe. Lamu samadi ya punda haikosekani, ila iachwe ioze miezi mitatu au zaidi, kwa kuwa ikiwa mbichi huunguza mizizi na hujaa mbegu za magugu. Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa huhifadhi unyevu vizuri chini ya chungu, lakini kama yaliwahi kulowekwa pwani kwa ajili ya kutengeneza kamba, yaoshe kwa maji matamu mara kadhaa, la sivyo utakuwa umeitilia nanaa chumvi kwa mkono wako mwenyewe.

Mahali pazuri ni panapopata jua la asubuhi, tangu saa moja hadi saa tano hivi, na kivuli baada ya hapo. Kiwanda cha nyumba ya mawe, ule ua wa ndani usioezekwa, hufaa sana ikiwa kuta zake haziufungii mwanga kabisa. Nanaa ikirefuka, ikawa na shina jembamba na majani yaliyoachana mbali, jua limepungua. Juu ya dari jua ni tele, lakini upepo wa kusi, hasa kati ya Juni na Agosti, huukausha udongo wa chungu kabla ya jioni, na katika nyumba zinazoelekea bahari huja na rasharasha za chumvi. Weka vyungu nyuma ya ukuta mfupi au pazia la makuti. Wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, adui ni ukavu: utitiri huzaana chini ya majani na kuyatia vidoti vya manjano, na dawa ya kutosha kwa kawaida ni kunyunyiza maji matamu kwa nguvu upande wa chini wa majani kila asubuhi kwa siku kadhaa. Katika masika, kinyume chake, vipele vya rangi ya chungwa chini ya jani ni kutu ya nanaa; kata mashina yaliyougua mpaka usawa wa udongo, uyachome, wala usiyatie katika mboji.

Kuotesha na kuvuna

Katika kicha ulichonunua, chagua mashina sita au manane yaliyo imara na yasiyo na maua. Kata kila shina urefu wa sentimeta 10 hadi 12, chini kidogo ya kifundo, yaani pale majani mawili yanapotokea, maana mizizi huchipuka zaidi kwenye vifundo. Ondoa majani ya chini, ubakize manne au sita ya juu, kisha simamisha mashina katika birauli la maji matamu mahali penye mwanga usio wa jua moja kwa moja, na ubadilishe maji kila siku moja au mbili. Baada ya wiki moja hadi mbili mizizi myeupe itafika urefu wa sentimeta 3. Usingoje izidi sana, kwani mizizi iliyozoea maji kwa muda mrefu hupata shida udongoni.

Panda vipandikizi vitatu katika chungu chenye upana wa sentimeta 30 na kina cha 25; ndoo kuukuu iliyotobolewa chini inafaa vilevile. Kila aina iwe na chungu chake. Si kwamba harufu za nanaa mbili zilizo jirani huchanganyika katika majani, kama inavyosemwa mara nyingi. Kinachotokea ni kwamba ile yenye vitawi vyenye nguvu huimeza nyingine, na baada ya miezi michache unachuma moja ukidhani ni mbili.

Mmea ukifika sentimeta 15, kata ncha zake ili utoe matawi ya pembeni. Baadaye chuma asubuhi, kabla jua halijakolea, ukikata juu ya kifundo na kuacha angalau vifundo viwili chini yake. Ukivuna kwa wingi, kama wakati wa Ramadhani ambapo kila nyumba inataka nanaa ya sharbati na ya sambusa, acha chungu kimoja kipumzike wiki tatu huku ukichuma kingine. Kwa sababu hiyo vyungu viwili au vitatu vya nanaa ya kawaida vina faida kubwa kuliko mkusanyiko wa aina tano, kimoja kimoja.

Baada ya mwaka hivi mizizi huwa imejaa chungu, katikati pamekuwa vijiti vitupu, na machipukizi yote yamekimbilia ukingoni. Mwanzoni mwa masika pindua chungu, kata bonge la mizizi vipande vinne, chagua kimoja chenye machipukizi mengi na ukipande katika udongo mpya. Vilivyobaki wagawie majirani, na usivitupe vikiwa vibichi mahali palipo na unyevu, kwani kila kipande chenye kifundo huota tena. Visivyochukuliwa vitandaze darini juani mpaka vikauke kabisa, ndipo uvitie katika shimo la mboji.